Kitufe cha mkasi kwenye cherehani: mwongozo kamili kwa anayeshona kwilti

Malalamiko ninayoyasikia kwa mafundi wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, ni yaleyale. Mtu ameacha cherehani ya kukanyaga, amepata ya umeme yenye kitufe cha mkasi, ameanza kushona kwilti za vitenge. Sasa kila akianza mstari mpya, uzi wa chini unajikusanya. Sindano inabaki tupu. Kwilti ikifuliwa mara moja tu, mistari inaanza kufumuka kutokea kwenye ncha. Analaumu uzi, analaumu umeme, na wapo wanaoapa kwamba wameuziwa cherehani feki.

Mara nyingi cherehani ni nzima. Kitufe kile kinakata uzi, lakini hakiufungi, na kinaukata mfupi. Ukishona shati hutaona shida sana, maana mishono mingi inaishia ndani ya pindo au inapitiwa na mshono mwingine. Kwilti ni tabaka tatu: vitenge juu, pamba katikati, kitambaa cha kawaida chini. Humo kuna mahali kitufe kinakuokolea muda, na kuna mahali ukikibonyeza umejiharibia kazi. Kazi yako ni kujua wapi ubonyeze na wapi uondoe kidole.

## Andaa hivi kabla ya kuwasha

- Cherehani yenye kitufe cha alama ya mkasi, pamoja na kitabu chake. Kama kitabu kimepotea, soma namba ya modeli kwenye kibati cha nyuma au cha chini. Kampuni nyingi zimeweka vitabu vyao mtandaoni bure.
- Sindano mpya: 80/12 ya kuunga viraka na 90/14 ya kushonea tabaka tatu.
- Uzi wa kawaida, wa aina moja juu na chini. Koni ya poliesta iliyoandikwa 40/2 inatosha kabisa.
- Bobini kadhaa, yaani vigurudumu vya uzi wa chini, zilizojazwa mapema.
- Brashi ndogo, bisibisi ya bamba, na tochi. Ya simu inafaa.
- Mkasi mdogo wenye ncha kali. Ndiyo, bado utauhitaji.
- Sindano ya mkono yenye tundu kubwa.
- Vipande vya majaribio vya tabaka tatu, sentimita 20 kwa 20. Vitengeneze kwa kitenge kilekile na pamba ileile ya kazi yenyewe. Kujaribia karatasi au kanga moja hakukuambii chochote.
- Kitambaa cha kuanzia: baki la kitambaa lenye ukubwa wa kiganja, limekunjwa mara mbili. Usilidharau, ndilo litakalokuokoa kuliko vyote hapo juu.

Kuhusu umeme: hapa tunatumia volti 230. Cherehani nyingi za mtumba kutoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120. Soma kibati kabla ya kuchomeka. Bila transfoma ya kushusha umeme, utaunguza ubao wa ndani, na kisu cha kukatia uzi kinaendeshwa na ubao huohuo. Hata kama cherehani ni ya 230, iwekee kifaa cha kulinda umeme unaporuka.

Na vitenge, hasa vile vigumu vinavyovuka ziwa kutoka Kongo, vifue kwanza. Wanga wa kiwandani unatoka kama unga wakati wa kushona na kwenda kukaa palepale kisu kilipo. Pia utajua mapema kitenge kipi kinachuja rangi.

## Hatua ya 1: Safisha chini ya bamba

Wengi wanaruka hatua hii, kisha wanakuja kuuliza kwa nini kisu hakikati.

Zima cherehani na uchomoe waya. Toa sindano na mguu wa cherehani, ule unaobana kitambaa, fungua bamba la sindano, kisha toa nyumba ya bobini. Mulika tochi. Pembeni ya sehemu inayozunguka utaona kipande chembamba cha chuma chenye ncha iliyojikunja kidogo. Hicho ndicho kinachotoka, kuzivuta nyuzi zote mbili na kuzikata. Kina makali, kwa hiyo usikipapase kwa kidole.

Ukishona kwilti utakuta chini yake vumbi la pamba limeshindiliwa mpaka limekuwa tabaka la kijivu, na ndani yake vipande vifupi vya uzi vilivyobaki kila kitufe kilipobonyezwa. Vitoe kwa brashi, ukivutia nje, usivisukume ndani. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina unyevu, na vumbi linahamia ndani zaidi usikoweza kulifikia.

Mafuta weka pale tu kitabu kinapokuelekeza. Cherehani nyingi za kisasa hazitaki mafuta kwenye nyumba ya bobini ya plastiki, na tone moja likigusa uzi, doa linahamia kwenye kwilti ya mteja.

Umefanikiwa ukiona: chuma kinang'aa, hakuna uzi hata mmoja, na nyumba ya bobini imekaa kwenye alama yake bila kucheza. Kama haijakaa sawa, sindano itaigonga kwenye pigo la kwanza.

Kwa anayeshona kwilti, rudia usafi huu kila unapobadilisha bobini mbili au tatu. Pamba haina huruma.

## Hatua ya 2: Tunga uzi mguu ukiwa juu

Inua mguu kabla ya kutunga uzi wa juu. Mguu ukiwa juu, sahani zinazokaza uzi zinafunguka na uzi unaingia katikati yake. Ukitunga mguu ukiwa chini, uzi unapita juu juu bila kukazwa, halafu chini ya kitambaa unajaa ovyo. Mafundi wengi hapo wanakwenda kuhangaika na bobini, wakati kosa liko juu.

Uzi wa bobini upitishe kwenye mkato wake mpaka usikie umekaa, na fuata mshale wa mzunguko uliochorwa pale. Usianze mstari mrefu ukiwa na bobini iliyobakiza mizunguko michache. Uzi wa mwisho wa bobini hauvutiki vizuri, na kisu kinaweza kuukosa.

Uzi mnene usiukate kwa kitufe. Kwenye namba za uzi wa kwilti, namba ikishuka uzi unanenepa, kwa hiyo wa 30 ni mnene kuliko wa 50. Uzi wa 30 kushuka chini, uzi wa kung'aa wenye utepe wa chuma, na ule wa nailoni unaofanana na mshipi wa kuvulia, vyote vikate kwa mkasi au kwa kile kijisu kilicho ubavuni mwa cherehani. Kisu cha ndani hakikuundwa kwa ajili yake.

## Hatua ya 3: Jaribu kwenye kipande

Weka kipande cha tabaka tatu, shona sentimita kumi hivi, kisha simama. Sasa fuata mpangilio huu:

1. Toa mguu wako kwenye pedali kabisa.
2. Hakikisha kitambaa bado kiko chini ya mguu wa cherehani, na mguu umeshuka.
3. Bonyeza kitufe mara moja tu.
4. Subiri mlio uishe na sindano isimame juu.
5. Ndipo uinue mguu na uvute kitambaa kuelekea nyuma au kushoto.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Shangazi, nikibonyeza mara mbili si itakata vizuri zaidi?" Hapana, mwanangu. Mara ya pili hakuna tena uzi wa kukata. Kisu kinatoka bure, kinaweza kukamata ule mfupi uliobaki na kuusokotea ndani, na sindano inaweza kuvunjika. Ndiyo maana pia hutakiwi kubonyeza wakati hakuna kitambaa, au wakati cherehani bado inashona.

Geuza kipande uangalie chini. Ncha mbili fupi zinatakiwa kuwa upande wa chini, zimekatwa safi, hazijachanikachanika. Uzi uliobaki kwenye sindano unatakiwa kutosha kuanzia mstari mwingine. Anza mstari mwingine hapohapo. Kama sindano imebaki tupu kwenye pigo la kwanza, basi ule mkono unaopanda na kushuka na uzi haukuwa juu kabisa ulipoanza. Ukipanda, umeuvuta uzi ukatoka tunduni. Tumia kitufe cha kupandisha sindano badala ya gurudumu. Ukilazimika kutumia gurudumu, zungusha kuja kwako tu.

Umefanikiwa ukiona: umekata na kuanza upya mara tano mfululizo bila uzi kutoka sindanoni na bila kijifundo chini. Kabla ya hapo usiguse kazi ya mteja.

## Hatua ya 4: Kuunga viraka

Hapa kitufe kiko nyumbani, ingawa si kwa namna wengi wanavyokitumia. Wengi wanashona kiraka kimoja, wanabonyeza, wanashona kingine, wanabonyeza. Kila kubonyeza ni mwanzo mpya, na kila mwanzo ni nafasi ya uzi kujikusanya.

Fanya hivi. Anza kwa kushona kitambaa chako cha kuanzia. Ukifika ukingoni mwake usikate, piga sindano mara mbili au tatu hewani, kisha ingiza viraka vya kwanza, halafu vya pili, halafu vya tatu, vikifuatana kama treni ya mizigo ya Kigoma. Mwisho wa foleni, ingiza kitambaa kingine cha kuanzia, shona mpaka katikati yake, ndipo ubonyeze kitufe. Kisha tenganisha viraka kwa mkasi.

Sababu ni mbili. Uzi ukijisokota mwanzoni, unajisokotea kwenye baki, si kwenye kitenge chako. Na kisu kinafanya kazi mara moja pale kingefanya mara thelathini, kwa hiyo hakichakai haraka.

Acha milimita 6 pembeni, na urefu wa mshono uwe milimita 2 hadi 2.5. Mshono utakaopitiwa na mshono mwingine hauhitaji kurudishwa nyuma, maana ule unaovuka ndio unaoufunga. Usiopitiwa na kitu, rudisha nyuma mapigo matatu kabla ya kukata.

## Hatua ya 5: Mistari inayoanzia ukingoni

Sasa umepanga tabaka zako tatu. Pamba na kitambaa cha chini viache vizidi viraka vya juu kwa sentimita 5 hadi 10 kila upande. Ziada hiyo si hasara, utaianzia na kuimalizia mistari yako.

Weka sindano 90/14. Kama una mguu wa kutembea, ule unaosukuma kitambaa kwa juu wakati meno yanasukuma kwa chini, ufunge, kwa sababu bila huo tabaka la juu linateleza na kujikunja. Urefu wa mshono uwe 2.5 hadi 3. Anza na mstari wa katikati ya kwilti, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, kisha endelea kuelekea pembeni.

Kila mstari uanze nje kabisa, kwenye ziada ya pamba, uvuke viraka, na uishie kwenye ziada ya upande wa pili. Hapo bonyeza kitufe bila wasiwasi. Ncha fupi zitakatwa utakaponyoosha kingo, na kitambaa cha kufunga ukingo kitaifunga mistari yote kwa mara moja.

Shikilia uzi wa juu kwa vidole wakati wa mapigo mawili matatu ya kwanza, ukiuvutia nyuma taratibu. Kisu kimeuacha mfupi, na usiposhikwa unavutwa chini.

Kwa kweli, kama ndiyo kwilti yako ya kwanza, chagua mchoro wa mistari inayotoka ukingo hadi ukingo na usiende mbali zaidi ya hapo. Utapata kazi nzuri, na hatua inayofuata utaisoma kwa kujifunza tu.

## Hatua ya 6: Mistari inayoishia katikati

Kwilti nyingi ninazoletewa zimefumukia hapa. Fundi ameshona ua, nyota au mduara katikati ya kwilti, akamaliza, akabonyeza kitufe. Chini kumebaki ncha mbili fupi mno, huwezi kuzifunga fundo wala kuzitunga kwenye sindano. Wiki ya kwanza zinashika. Maji, sabuni na kusuguliwa vinazivuta moja moja, kisha mstari unaachia.

Wengine wanasema watarudisha nyuma. Inashika, ila inaacha uvimbe unaoonekana, na kwenye kitenge cha rangi moja unaonekana zaidi. Kwenye mfuko au mkeka wa mezani sina ugomvi nao. Kwenye kwilti ya harusi siukubali.

Kwa hiyo, katikati ya kwilti, ondoa kidole kwenye kitufe. Fanya hivi:

1. Kuanza. Shusha mguu, shika uzi wa juu, piga sindano mara moja chini na juu. Vuta uzi wa juu taratibu, na kitanzi cha uzi wa chini kitatokeza kwenye kitambaa. Kivute mpaka uzi wote wa chini uwe juu, urefu wa sentimita 15 hivi. Kama mara ya mwisho ulikata kwa kitufe, uzi wa chini ni mfupi na hautapanda. Fungua sehemu ya bobini uvute uzi wa kutosha kwa mkono, kisha rudia.
2. Kushona. Shikilia ncha zote mbili kwa mapigo ya kwanza, kisha endelea na mchoro.
3. Kumaliza. Inua sindano na mguu, vuta kwilti pembeni, na kata nyuzi kwa mkasi ukiacha tena sentimita 15. Uzi wa chini upandishe juu kwa kuvuta ule wa juu na kukamata kitanzi kwa ncha ya pini.
4. Kufunga. Funga fundo dogo karibu kabisa na kitambaa.
5. Kuficha. Tunga ncha zote mbili kwenye sindano ya mkono. Ichomeke kwenye tundu lilelile uzi ulipotokea, ipitishe ndani ya pamba sentimita 2 au 3 bila kugusa kitambaa cha chini, kisha itokeze juu. Vuta kidogo mpaka usikie fundo limeingia ndani. Kata uzi sawasawa na kitambaa, ncha zirudi ndani.

Umefanikiwa ukiona: ukipitisha kidole hujui mstari ulianzia wapi.

Umeshasahau na kubonyeza? Kwilti inaokolewa. Fumua sentimita 5 au 6 kurudi nyuma, upande wa juu na wa chini, mpaka upate ncha ndefu za kushika. Zifunge na kuzificha hivyo hivyo, kisha anza mstari upya kutoka hapo.

Ukishona kwa kuzungusha kitambaa mwenyewe, meno yakiwa yameshushwa, kumbuka kwamba kitufe cha kurudisha nyuma hakina kazi tena, kwa kuwa hakuna kinachosukuma kitambaa. Mapigo madogo ya kufungia unayafanya kwa mkono wako. Na kama cherehani yako ina mpangilio wa kukata yenyewe kila inapofunga mshono, uzime kabla hujaanza sehemu hii.

## Wenye mashine za kiwandani

Kwenye mashine za kompyuta ambazo vyumba vingi vya ushonaji vinazo sasa, hakuna kitufe cha kubonyeza. Unakata kwa kukanyaga pedali upande wa kisigino. Hatari iko hapohapo: ukirudisha mguu kwa uchovu, mashine inakata katikati ya mstari. Kwenye kisanduku cha mipangilio, zima ukataji na zima kurudi nyuma kwa otomatiki wakati wa kushona tabaka tatu, uviwashe tena ukirudi kwenye viraka.

## Cherehani ikigoma

Uzi umejaa chini na kitambaa kimenasa. Usivute. Ukivuta kwa nguvu unapinda sindano au unakitoa kisu mahali pake. Zima umeme, inua mguu, ingiza mkasi mdogo kati ya kitambaa na bamba, kata taratibu mpaka kitambaa kiachie. Kisha fungua bamba utoe mabaki yote, hata kile kipande kimoja kinachoonekana hakina madhara.

Kisu kinakata uzi mmoja na kuacha mwingine. Rudi Hatua ya 1. Mara nyingi kuna uzi mfupi umekaa kwenye ncha ya kisu. Ukisafisha na hali ikabaki ileile, kisu kimekuwa butu.

Umeme umekatika kisu kikiwa kazini. Usizungushe gurudumu. Kisu kinaweza kuwa kimesimama nje, na sindano ikishuka itakutana nacho. Chomoa waya, toa bamba, uangalie. Kama kimerudi ndani, funga uendelee umeme ukirudi. Kama kimebaki nje, usikisukume kwa bisibisi. Subiri umeme, washa bila kugusa pedali, na kama hakirudi chenyewe, zima na umwite fundi.

Ncha zimechanika badala ya kukatwa safi. Hapo ni suala la kubadilisha kisu, na ni kazi ya fundi wa mashine. Mwambie unataka kisu tu, ili asikufungulie ubao usio na tatizo. Nenda na kipande chako cha tabaka tatu na koni yako ya uzi, maana kisu kinachokata uzi wake kwenye kitambaa kimoja chepesi kinaweza kushindwa kwenye kwilti. Mwambie akate mara kumi mbele yako, geuza uangalie chini, ndipo umlipe.